Karatasi za Mjane: Safari ya Hamilton Kutoka Kitabuni Hadi Jukwaani

Mjini Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1850, katika nyumba moja iliyokuwa karibu na Ikulu, aliishi bibi ambaye wageni walikwenda kumwona kama watu wanavyokwenda kutazama mnara wa kale. Alikuwa amepita miaka 90, mdogo wa umbo, amevaa nguo nyeusi za ujane. Shingoni alining'iniza kifuko kidogo, na ndani ya kifuko hicho mlikuwa na karatasi iliyochakaa hata ikabidi ishonwe kwa uzi isije ikapukutika. Lilikuwa shairi aliloandikiwa na mchumba wake mwaka 1780. Bibi huyo ni Elizabeth Schuyler Hamilton, na wa nyumbani walimwita Eliza. Aliyemwandikia shairi ni Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, aliyepigwa risasi mwaka 1804 na mtu ambaye siku hiyo alikuwa bado Makamu wa Rais.

Eliza aliishi na ujane huo miaka 50. Katika muda wote huo kazi moja hakuiacha: kukusanya karatasi za mumewe. Alitafuta barua kwa waliozipokea, akawapelekea orodha za maswali wazee waliowahi kufanya kazi na Hamilton, akahangaika kumpata mwandishi atakayeandika wasifu wake. Waandishi walikuja na kuondoka. Mwishowe mzigo ulimwangukia mwanawe, John Church Hamilton, na kazi yake kubwa ya juzuu nyingi ilitoka mama akiwa ameshafariki. Eliza alikufa Novemba 1854 akiwa na umri wa miaka 97.

Mazungumzo ya leo yanahusu tamthilia ya nyimbo iitwayo Hamilton, ambayo tangu 2015 imetikisa majukwaa ya New York na London. Yanaanza na bibi huyu mjane kwa sababu kitabu kilichoizaa tamthilia hiyo nacho kinaanza naye. Ron Chernow alipochapisha wasifu wake mwaka 2004, kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 800, hakumtanguliza shujaa wake akiwa mtoto wala akiwa vitani. Alimtanguliza Eliza uzeeni, akiwa na kumbukumbu zake na karatasi zake. Tamthilia nayo inakwisha kwa Eliza, peke yake mbele ya jukwaa. Pale kitabu kilipoingilia ndipo mchezo ulipotokea.

Chernow alizaliwa Brooklyn mwaka 1949, na kabla ya Hamilton alijulikana kwa kuandika habari za matajiri. Kitabu chake kuhusu benki ya Morgan kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 1990, kisha akaandika maisha ya Rockefeller, mfalme wa mafuta. Mwandishi wa namna hiyo alipomgeukia Hamilton aliona kitu ambacho wengine walikipita haraka. Wamarekani wengi walimjua kama sura kwenye noti ya dola 10, na kama mtu aliyeuawa na Aaron Burr. Chernow alimwona kama kijana aliyejiandika mwenyewe kutoka kwenye shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa refu. Hamilton alizaliwa katika kisiwa cha Nevis, visiwa vya Karibi, mwaka 1755 au 1757, nje ya ndoa. Baba aliondoka. Mama alikufa kwa homa mwaka 1768 katika kisiwa cha St. Croix, kilichokuwa koloni la Denmark. Ndugu aliyepewa kumlea alijiua. Kijana akabaki karani katika duka la wafanyabiashara wa New York, akiandika hesabu za unga, mbao, nyumbu, na wakati mwingine za watu waliotolewa Afrika ya Magharibi kuja kuuzwa. Hesabu hizo za watu tutazirudia baadaye.

Agosti 1772 kimbunga kikubwa kiliipiga St. Croix. Kijana yule, ambaye hakuwa hata na miaka 20, aliandika barua kueleza maafa hayo, na gazeti la kisiwani likaichapa. Wakubwa wa kisiwa walipoisoma hawakuamini kwamba karani anaweza kuandika vile. Walichanga fedha na kumpeleka Amerika Kaskazini kusoma. Miaka mitano haikwisha akawa mwandishi wa karibu wa Jenerali George Washington, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto. Yaani kalamu ndiyo iliyomlipia nauli.

Mwaka 2008 kitabu hicho cha Chernow kilinunuliwa na kijana wa New York aliyekuwa anakwenda likizo Mexico. Jina lake Lin-Manuel Miranda, mwana wa wazazi wenye asili ya Puerto Rico, na mwaka huo huo tamthilia yake ya kwanza, In the Heights, ilikuwa imeshinda tuzo ya Tony kwa tamthilia bora ya nyimbo. Alihitaji kitabu kinene cha kusomea ufukweni. Alipofika kwenye kimbunga na ile barua, alishasadiki kwamba anasoma maisha ya rapa. Maskini asiye na baba anaandika juu ya shida yake kwa ustadi mkubwa mpaka maandishi yenyewe yanamtoa mtaani: hiyo ni hadithi ambayo vijana wa hip hop wa New York wameisimulia tangu muziki huo uanze, na vijana wa Temeke na Dandora wanaisimulia hadi leo. Miranda aliingia mtandaoni kutazama kama kuna mtu aliyekwisha kuimba habari hizi. Hakumkuta. Aliona pia, kama alivyoeleza mara nyingi baadaye, kwamba Hamilton anamkumbusha baba yake mwenyewe, aliyefika New York kutoka kisiwani akiwa kijana mwenye haraka ya maisha.

Walipokutana mwaka huo huo, Miranda alimwambia Chernow kwamba alipokuwa akisoma, nyimbo za hip hop zilikuwa zikiinuka kutoka kwenye kurasa. Mzee huyo wa historia alikiri kwamba hip hop haijui kabisa. Miranda akamwomba awe mshauri wake wa historia, na si mshauri wa kupamba karatasi: alitaka mtu wa kumwambia anapokosea. Baada ya muda alimtembelea Chernow nyumbani, akaketi kwenye kochi na kumwimbia wimbo wa kwanza huku akipiga vidole. Chernow alistaajabu. Kurasa 40 hivi za mwanzo wa kitabu chake, zilizomgharimu safari na utafiti, zilikuwa zimeingia katika wimbo wa dakika nne, na hakuona lililopotea.

Tarehe 12 Mei 2009, Ikulu ya Marekani iliandaa usiku wa mashairi na muziki. Mwenyeji alikuwa Barack Obama, mwana wa baba Mkenya, aliyekuwa na miezi minne tu madarakani. Miranda aliombwa aimbe kitu kutoka In the Heights. Alisimama badala yake na kusema kwamba anatayarisha albamu kuhusu mtu ambaye kwake yeye ndiye kielelezo cha hip hop: Waziri wa Fedha Alexander Hamilton. Watu walicheka. Alex Lacamoire aliyekuwa kwenye piano akaanza kupiga, Miranda akaanza kughani, na kicheko kikafifia beti kwa beti. Alipomaliza, ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Rekodi ya usiku ule ipo hadi leo, na inafaa kutazamwa, kwa maana ni nadra kuona kwa macho dakika ambayo wazo linaacha kuwa mzaha.

Kutoka hapo hadi jukwaani ilipita miaka sita. Wimbo mmoja tu, ule ambao kijana Hamilton, akiwa baani, anajitambulisha na kutangaza tamaa yake, ulimchukua Miranda karibu mwaka mzima, kwa sababu alitaka kila mstari uthibitishe kwamba huyu ndiye mtu mwenye akili kali kuliko wote waliomo baani. Mwaka 2012 alionyesha sehemu ya nyimbo hizo katika ukumbi wa Lincoln Center. Mwongozaji Thomas Kail, aliyesoma naye chuo kimoja, ndiye aliyemsukuma aache kufikiria albamu na afikirie jukwaa. Februari 2015 tamthilia ilifunguliwa katika Public Theater, na Agosti 6 mwaka huo ikahamia Broadway, ukumbi wa Richard Rodgers.

Yaliyofuata yanajulikana. Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 2016. Tuzo 11 za Tony kati ya nafasi 16 ilizopendekezwa, na idadi hiyo ya mapendekezo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Tiketi za daraja la juu zilifikishwa dola 849, huku kila siku viti vichache vikitolewa kwa bahati nasibu kwa dola 10, yaani kwa noti moja yenye sura ya Hamilton. Maelfu ya wanafunzi wa shule za serikali za New York waliingizwa kwa dola 10 hizo hizo, kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation. Desemba 2017 tamthilia ikafika London, na Oktoba 2022 ikaimbwa kwa Kijerumani mjini Hamburg. Julai 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, filamu ya waigizaji wa kwanza iliyorekodiwa mwaka 2016 ilitolewa, na waliokuwa mbali na Broadway wakaiona majumbani mwao.

Lakini sifa na tuzo hazielezi kwa nini kazi hii inashika. Linaloeleza ni ufundi wake, na ufundi huo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuufahamu kwa haraka kuliko wengi.

Tamthilia nzima inaimbwa au kughaniwa, maneno zaidi ya 20,000 kwa muda wa saa mbili na dakika 45 hivi. Mtunzi ametumia wingi huo wa maneno kumpa kila mhusika ulimi wake. Hamilton anaghani kwa vina vilivyofumwa ndani ya mstari, kimoja juu ya kingine, kama mtu ambaye mawazo yanamjia haraka kuliko pumzi. Burr anasema kwa utulivu, anaficha. Lafayette, Mfaransa, anaanza akijikwaa kwa Kiingereza kibovu. Vita vinaposonga ulimi wake unafunguka, na mwisho anaghani kwa kasi kuliko mtu yeyote jukwaani. Mfalme George wa Uingereza amepewa muziki wa pop wa Kiingereza wa miaka ya 1960, wimbo wa mpenzi aliyeachwa anayetishia kuua. Thomas Jefferson, mpinzani wa Hamilton katika baraza la mawaziri, anarudi kutoka Paris mwaka 1789 na muziki wenye ladha ya jazi, kana kwamba hakusikia kwamba wenzake nyumbani wameshahamia kwenye hip hop.

Kisha kuna mikutano miwili ya baraza la mawaziri. Katika historia, Hamilton na Jefferson walibishana mbele ya Washington kuhusu madeni ya majimbo, na baadaye kuhusu kuisaidia Ufaransa au kukaa kando. Ni mambo ambayo kwenye vitabu vya shule huleta usingizi. Miranda ameyageuza malumbano: Washington mwamuzi, mawaziri wawili wenye vipaza sauti mkononi, na wapambe nyuma yao wakishangilia kila tusi lililopata kina. Watazamaji wa New York waliona jambo jipya. Pwani ya Afrika Mashariki inalijua tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka ule ule wa 1776 Marekani ilipojitangazia uhuru, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mgumi wa Lamu juu ya vita na utawala wa miji yao, na watu waliyabeba mashairi hayo mdomoni kama wanavyobeba habari. Siasa kuingia katika vina ni jambo ambalo watu wetu walilifanya bila jukwaa wala taa.

Sehemu moja inaonyesha vizuri jinsi mtunzi anavyosoma kitabu cha historia. Juni 1790, Jefferson aliwaalika Hamilton na Madison kula nyumbani kwake New York. Walipoinuka mezani, serikali kuu ilikuwa imepata njia ya kubeba madeni ya majimbo, na watu wa kusini wamepata mji mkuu kando ya mto Potomac, ndiyo Washington ya leo. Kinachojulikana kuhusu chakula hicho kinatokana zaidi na maelezo ya Jefferson mwenyewe. Mwanahistoria akifika hapo analazimika kupima shahidi mmoja na kusonga mbele kwa tahadhari. Miranda alisimama hapo hapo kwenye mlango uliofungwa. Akauliza: nani anaumia zaidi kwa kutokuwemo chumbani? Akampa Burr wimbo, wimbo wa wivu unaopanda hatua kwa hatua mpaka mtu aliyekuwa anaficha kila kitu anapasuka na kusema anachokitaka. Leslie Odom Jr., aliyemwigiza Burr, alipata Tony ya mwigizaji bora, na wimbo huo peke yake ungetosha kumpatia.

Pengo la nyaraka likawa kilele cha tamthilia. Hapo ndipo Miranda anapostahili heshima yake yote.

Yako mengine aliyoyabadilisha kwa makusudi, na mashabiki wanafaa kuyajua. Jukwaani, Angelica Schuyler anampenda Hamilton kwa mara ya kwanza ukumbini na kumwachia mdogo wake Eliza, kwa kuwa baba yao hana watoto wa kiume na yeye mkubwa lazima aolewe na tajiri. Katika maisha, Philip Schuyler alikuwa na wana, na Angelica alikuwa ameolewa na John Barker Church tangu 1777, kabla Eliza hajaolewa Desemba 1780. Jukwaani, Burr anamwita Hamilton kwenye bastola kwa sababu ya uchaguzi wa urais wa 1800. Katika maisha, kilichowasha moto ni kampeni ya ugavana wa New York ya 1804, na barua iliyochapwa gazetini ikidokeza maneno mabaya ambayo Hamilton aliyasema juu ya Burr mezani. Kijana Philip, mtoto wa kwanza wa Hamilton, aliuawa kwa bastola Novemba 1801. Mchezo umekisogeza kifo hicho kikawa kabla ya uchaguzi wa 1800.

Badiliko moja lina uzito wa pekee. Mwaka 1792 watu watatu walimwendea Hamilton wakimshuku kuiba fedha za serikali, naye akakiri kwamba kosa lake lilikuwa uzinzi na mke wa mtu. Tamthilia inawataja watatu hao kuwa Jefferson, Madison na Burr, ili mtazamaji asiongezewe sura mpya katikati ya hadithi. Kwa kweli mmoja wao alikuwa James Monroe, aliyekuja kuwa Rais. Eliza hakumsamehe Monroe maisha yote. Utangulizi wa kitabu cha Chernow unaeleza jinsi Monroe alivyomtembelea uzeeni kutaka yaliyopita yasahaulike, na bibi akamsikiliza akiwa amesimama, asimwambie keti, akamrudisha alikotoka bila msamaha. Ni picha yenye nguvu kubwa, na tamthilia imeikosa. Badala yake ina Eliza anayechoma barua zake jukwaani mwaka 1797, baada ya mumewe kuchapisha mwenyewe kijitabu cha kukiri uzinzi. Barua za Eliza kwa mumewe hazikusalia. Moto ule wa jukwaani ni jibu la mtunzi kwa ukimya huo.

Wasomaji wa Kiswahili wana kipimo chao cha mambo haya. Ebrahim Hussein alipochapa Kinjeketile mwaka 1969 aliwatahadharisha wasomaji mapema kwamba Kinjeketile wa tamthilia si sura kamili ya yule mtu wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya vita. Ni kiumbe cha sanaa kilichokatwa kwenye historia. Msanii ana haki ya kukata. Swali ni nani anayetupwa na makasi.

Na hapa ndipo ugomvi mkubwa juu ya Hamilton ulipo.

Miranda na Kail waliamua kwamba Washington, Jefferson, Madison, Burr na Hamilton waigizwe na Wamarekani weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na Asia. Kati ya wahusika wakuu, mfalme wa Uingereza ndiye aliyeachwa awe mzungu. Chernow amesimulia kwamba siku ya kwanza alipoingia kwenye mazoezi alishtuka kuwaona waigizaji hao, na dakika chache baadaye akawa amesadiki. Kwa vijana wengi weusi wa Marekani ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu wa rangi yao akimiliki hadithi ya kuzaliwa kwa nchi yao. Hilo si dogo, na anayelidharau hajakaa ukumbini na kuona nyuso za wanafunzi.

Ila mwanahistoria Lyra Monteiro aliandika mwaka 2016 na kuuliza swali lisiloepukika: miili ya watu weusi imejaa jukwaani, lakini watu weusi wa historia wako wapi? New York ya Hamilton ilikuwa na maelfu ya watumwa. Walipika, walishona, walipakua meli, walitembea katika mitaa hiyo hiyo inayoimbwa. Katika tamthilia, mtumwa pekee anayetajwa kwa jina ni Sally Hemings wa Jefferson, na anapita kwa mstari mmoja bila kusema neno. Hercules Mulligan, mshonaji nguo aliyewapeleleza Waingereza, ana beti za kujisifu na watazamaji humshangilia. Cato, mtumwa wake aliyezibeba habari hizo za kijasusi kwa hatari ya shingo yake, hayumo. Mwandishi Ishmael Reed alikwenda mbali zaidi: mwaka 2019, jijini New York, alionyesha mchezo wake ambamo mizimu ya watumwa na ya wenyeji wa Amerika inamtokea Miranda usiku kumhoji, naye anajitetea kwamba alikiamini kitabu cha Chernow.

Reed aligusa mshipa. Picha ya Hamilton kama mpinzani mkali wa utumwa, tamthilia iliipokea kutoka kitabuni. Chernow anaeleza kwamba Hamilton alikuwa katika chama cha New York cha kupigania uhuru wa watumwa tangu 1785, na hilo ni kweli. Alieleza pia kwamba Hamilton alinunua watumwa kwa niaba ya shemeji yake Church, na akagusa uwezekano wa watumwa nyumbani kwake. Lakini mizani ya kitabu iliegemea upande wa sifa. Mtu akikaa miaka na karatasi za mtu mmoja, akimfuata tangu yatima mpaka kaburini, huanza kumtetea. Hilo humpata karibu kila mwandishi wa wasifu, na ndiyo sababu wasifu huhitaji wasomaji wagumu.

Msomaji mgumu alipatikana mwaka 2020. Jessie Serfilippi, mtafiti katika nyumba ya kumbukumbu ya Schuyler mjini Albany, ndiyo nyumba aliyokulia Eliza, alichapisha uchunguzi wake baada ya kuyapitia madaftari ya fedha ya Hamilton. Alihitimisha kwamba Hamilton hakuwa wakala wa shemeji tu. Alinunua na kumiliki watumwa yeye mwenyewe. Chernow aliusifu utafiti huo lakini akalalamika kwamba haukuzipa nafasi juhudi za Hamilton dhidi ya utumwa. Ubishi haujaisha. Hata hivyo mwandishi wa mazungumzo haya anaona kwamba uzito umehama. Kijana aliyejifunza hesabu kwa kuandika bei za watu St. Croix aliendelea kuandika bei za watu akiwa New York, kwa mwandiko ule ule uliomtoa kisiwani. Tamthilia inayomsifu kwa kuandika bila kuchoka ingeweza kutuonyesha na kurasa hizo.

Miranda mwenyewe alijaribu. Palikuwa na malumbano ya tatu ya baraza la mawaziri, kuhusu utumwa, na yalikatwa kabla ya Broadway. Rekodi yake ya majaribio ilitoka mwaka 2016 katika albamu ya The Hamilton Mixtape. Ilikatwa kwa sababu ya kisanaa, maana mwishoni mwa ubishi ule hakuna kiongozi hata mmoja anayechukua hatua, na mchezo ungesimama. Kwa sanaa ya jukwaa hoja hiyo inaeleweka. Kwa historia, kule kusimama ndiko kulikokuwa ukweli wenyewe: waliujua ubaya huo, wakauzungumza, wakaahirisha, na watu wakaendelea kuuzwa.

Mwisho wa miaka ya 1840 serikali ya Marekani ilinunua karatasi za Hamilton kutoka kwa Eliza, na leo zimo katika Maktaba ya Bunge. Katika karne ya 20 Chuo Kikuu cha Columbia kilizichapa katika juzuu 27, na kutoka katika juzuu hizo Chernow alichimba kitabu chake. Mtu anayetaka kumtukuza Hamilton na mtu anayetaka kumshitaki wote wanakwenda katika rundo moja, alilolilinda mke mmoja kwa miaka 50. Eliza alilikusanya ili jina la mumewe lisizame. Pamoja na hotuba na barua za mapenzi, alihifadhi na hesabu.

Yeye mwenyewe ana historia isiyohitaji jina la mume. Mwaka 1806, miaka miwili baada ya kubaki na watoto saba na madeni, alishirikiana na wanawake wenzake kuanzisha kituo cha kwanza cha binafsi cha kulea yatima jijini New York, mumewe akiwa amekulia uyatima. Alikiongoza kwa miaka mingi, akasimamia malezi ya mamia ya watoto. Kituo hicho hakijafungwa. Ndicho kilichokuja kuitwa Graham Windham, na bado kinahudumia watoto na familia za jiji lile lile. Tamthilia ilipokuwa Broadway, Phillipa Soo aliyemwigiza Eliza na mwenzake Morgan Marcell walianzisha huko mradi uliopewa jina la Eliza, na waigizaji wakawa wanakwenda kuwafundisha wanafunzi kucheza dansi, kuigiza na kughani.